Msimu Niliokatazwa Kiswahili Uwanjani

Kabla hamjaniuliza lolote kuhusu uamuzi wa besiboli, hebu nione viatu vyenu. Ndiyo, nyote. Vyeupe, vyepesi, vya kutembelea mjini. Basi hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusimama nyuma ya mdakaji. Mpira uliokwaruzwa na gongo hushuka chini kwa kasi, wala hauulizi kidole gumba ni cha nani. Mimi ukucha wangu wa kushoto uling'oka mara mbili kabla sijapata akili ya kununua buti za mafundi wa ujenzi, zile zenye chuma mbele. Nikazipaka rangi nyeusi, nikazivaa mpaka nilipostaafu. Ninyi mmeona barakoa ya chuma kwenye televisheni mkadhani itawapendeza, ndiyo maana mko hapa sebuleni kwangu mnakunywa chai yangu.

Naitwa Wakesho. Wengi mnanijua kama Mama Mwamuzi, jina ambalo sikulichagua lakini niliitikia. Kwetu ni Voi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni nilisimamia wasichana wa raundas, mchezo ambao ni binamu wa besiboli ila hauna majivuno. Nilipofika Birmingham, Uingereza, vyeti vyangu vya ualimu vilitazamwa juujuu na kurudishwa mezani, nikaishia jikoni mwa hospitali kule Edgbaston nikipakua viazi vya kuponda. Kazi ni kazi, na wagonjwa lazima wale. Lakini Jumamosi, nikishavaa kinga ya kifua na barakoa yangu, wanaume wazima walingoja mkono wangu upande ndipo wajue kama wamefaulu au wamefeli. Siwafichi, nilipenda sana.

Aliyeniingiza ni jirani yangu wa Erdington, Maureen, mama wa Kiayalandi aliyekohoa kwa sababu ya sigara na kuvuta sigara kwa sababu ya kikohozi. Alinikuta bustanini siku moja nikitazama watoto wakicheza, nikisema kwa sauti nani ametoka na nani hajatoka. Akaniuliza, "Wewe unaona hivyo kila siku au ni leo tu?" Jumamosi iliyofuata akanipeleka uwanjani. Alikuwa mwamuzi tangu ujana wake na hakuwa na subira na mtu yeyote, ndiyo maana tulipatana.

Mengi aliyonifundisha hayamo kwenye vile vitabu mlivyovipigia mistari ya rangi. Kawia, alisema. Mpira ukifika kwenye glavu, meza mate kwanza, ndipo utamke. Mwamuzi anayetamka upesi ametamka alichokitarajia, si alichokiona. Ukitaka kufagia beisi ya nyumbani, pale mpigaji anapoanzia na mkimbiaji anapomalizia, zunguka mbele yake uwaelekee watazamaji, ndipo uiname, kwa sababu hakuna aliyelipa nauli ya basi kuja kuangalia makalio yako. Na usieleze. Ukishatoa uamuzi, funga mdomo. Anayeeleza ameanza kuomba msamaha, na wachezaji wananusa msamaha upesi sana.

Kisha kuna mambo ya mdakaji. Huyu ndiye jirani yako kwa saa nzima na zaidi, amechuchumaa mbele ya magoti yako, na ndiye peke yake anayekukinga na mpira. Mheshimu. Mpira ukimgonga shingoni au pale ambapo wanaume hawapendi kutajwa, usimwulize mbele ya watu kama anaumia. Toa brashi yako, nenda kafagie beisi ya nyumbani hata kama inang'aa. Fagia polepole. Fagia pembe zote. Akishapata pumzi, utasikia, nawe utamaliza kufagia. Siku ukipata mpira wa koo wewe, atakwenda kuzungumza na mrushaji wake habari zisizo na kichwa wala miguu mpaka upone. Hiyo ndiyo adabu ya kazi. Siku hizi naona waamuzi wana vifaa masikioni na kamera nne, halafu mdakaji anagaragara chini nao wanatazama saa.

Sasa ile timu ya chuo.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, ile ya simu za kukunja. Chuo kimoja upande wa Edgbaston, sitakitaja jina, kiliamua kuwa na timu ya besiboli. Kisa chenyewe ni kocha mmoja Mwingereza aliyekwenda Marekani likizo ya majira ya joto akarudi anatafuna bazoka na kutema mate. Jambo la kwanza alilonunua ni sare: kijani, zenye mistari, na majina mgongoni. Mipira hakununua. Mechi yao ya kwanza walikuja wamependeza kama wasimamizi wa harusi, wakaazima mipira kwangu mimi. Mwamuzi ndiye awape timu mipira! Niliwapa, nikamwambia kocha ahesabu yaliyomo kwenye begi lake kabla ya kuhesabu vifungo vya sare.

Alibandika tangazo kwenye korido akitarajia sijui nani, pengine Wamarekani wenye mabega mapana. Waliokuja ni vijana wa Small Heath ambao timu ya kriketi ya chuo ilikuwa imewakataa. Wengi wao walikuwa na wazazi wa Kipakistani, wamezaliwa na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe mkononi, wanacheza kriketi kwenye vichochoro vya nyuma ya Coventry Road tangu wanaota meno. Pamoja nao alikuja Abdi, Msomali aliyelelewa Eastleigh, Nairobi, ambaye naye alikuwa ameambukizwa kriketi na majirani zake. Na mmoja tu asiyejua kriketi kabisa, Bahati, Mkongomani wa Uvira. Huyo ndiye aliyekuwa mdakaji, maana hakuna mwingine aliyetaka kuchuchumaa.

Nawaambia, sijawahi kucheka kama mwezi ule wa kwanza. Imran, kijana mrefu, hodari wa mkono, aliupiga mpira wake wa kwanza ukaenda mbali mpaka kwenye ua wa miti. Watu wote wakapiga kelele, "Kimbia!" Yeye akasimama. Akajishika kiuno, akautazama mpira, akalitazama gongo lake, akagonga nalo chini mara mbili tatu, akawa anafikiri. Kwenye kriketi, sharti mjue, ukipiga mpira si lazima ukimbie, unakimbia ukipenda. Mpira ukarudishwa, mtu wa beisi ya kwanza akaikanyaga beisi akiwa na mpira wake mkononi, nami nikapandisha ngumi: umetoka. Imran akanijia kwa heshima zote akaniuliza, "Nimetokaje, nami sikwenda popote?"

Siku walipojifunza kukimbia, walikimbia na gongo. Walifika beisini wakaligusisha gongo kwenye beisi kwa mbali, kama wanavyofanya kwao kwenye kriketi, wakageuka kunitazama kwa furaha huku mtu anawagusa na mpira mgongoni. Umetoka. Kocha wao akatema bazoka. Nadhani ile bazoka ndiyo kitu pekee alichokijua vizuri kuhusu mchezo huu.

Lakini lililomchoma zaidi ni kelele. Mkitaka kuelewa kilichotokea baadaye, lielewe hili vizuri. Kwenye kriketi mwamuzi hamtoi mtu kwa hiari yake. Wanaocheza dhidi ya mpigaji lazima waulize, na kuuliza kwenyewe ni kunyoosha mikono yote miwili juu na kuunguruma kwa pamoja. Wakishauliza, mwamuzi akikubali anainua kidole, basi. Vijana hawa walikuja na desturi hiyo nzimanzima. Mpira ukigusa glavu, wanaunguruma. Mkimbiaji akijikwaa, wanaunguruma. Timu pinzani zilishika mbavu kwa kicheko, na kocha akaona aibu. "Hii si kriketi!" alifoka kila mara. "Nyamazeni! Mnanitia aibu!" Mwishowe akawapiga marufuku: atakayeunguruma atakaa benchi.

Hakuwaambia, kwa kuwa sidhani kama alijua, kwamba besiboli nayo ina mahali ambapo mwamuzi hawezi kusema neno mpaka aulizwe. Mkimbiaji akipita beisi bila kuikanyaga, mwamuzi aliyeona hukaa kimya kabisa. Hapandishi mkono, haguni, hakunji uso. Ni juu ya timu nyingine kugundua na kudai, na kudai si kuunguruma. Kudai ni kuchukua mpira, kuukanyaga ule mfuko wa beisi huku umeushika mpira, na kuniambia: yule hakukanyaga hapa. Na lazima wadai kabla hawajatoka uwanjani. Wakishavuka mstari kuondoka, haki yao imekufa.

Kwa hiyo walishindwa. Walishindwa kila Jumamosi, masika yote na kiangazi. Wengine walizoea. Bahati hakuzoea.

Kijana huyu alikaa Erdington kama mimi, na mama yake nilisali naye kanisa moja. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kile cha darasani, cha kujitambulisha na kuuliza njia. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, na kilifanya masikio yangu ya Voi yacheke. Tulipanda treni moja asubuhi ya mechi, yeye na furushi la vifaa vya mdakaji, mimi na langu la mwamuzi, na tukishuka alibeba yote mawili hata nikimkataza. Siku moja aliniambia huku akicheka, "Mama, toka tufike huku Angleterre, mie sijashindaka kitu. Hata bingo ya kanisa!" Alicheka, lakini niliona halikuwa jambo la kucheka kwake.

Uwanjani tulizungumza wanavyozungumza mwamuzi na mdakaji popote duniani. Mrushaji anarusha, mimi natamka kama ni strike, yaani mpira mzuri wa kupigwa, au si strike, mdakaji anaguna bila kugeuka, na mwamuzi anamjibu chinichini ili kesho asibishe.

"Mama, ile balle ilikuwa wapi? Miye naona iko ndani kabisa."

"Chini ya goti, mwanangu."

"Mais ni kadogo tu!"

"Kadogo ndiyo chini. Rudisha mpira."

Na Abdi, mrushaji, kutoka kule kwenye kilima chake cha kurushia: "Mathe, manze, hiyo ni strike, hata shosho yangu angeona!"

"Nyanya yako hakupangiwa mechi hii. Rusha."

Ni hayo tu. Ningekuwa nimeyasema kwa Kiingereza, watu wangesema huyu mwamuzi ana ucheshi. Kwa kuwa niliyasema kwa Kiswahili, yakawa njama.

Walalamishi walikuwa klabu moja ya watu wazima, wafanyabiashara wenye matumbo na magongo ya bei ghali, ambao walikuwa wamewafunga vijana wale vibaya sana na bado wakalalamika. Hebu fikirini. Mtu ameshinda, na bado ana shaka na mwamuzi! Mwenyekiti wa ligi akaniita kwenye chumba cha nyuma cha baa. Nikaagiza soda. Akaanza kwa kunisifu kazi yangu, nikajua kuna tope linakuja.

"Hakuna anayekushuku," akasema. "Lakini haijulikani mnaambiana nini na yule mdakaji."

"Tunaambiana mpira umepita wapi."

"Na mmeonekana kwenye treni pamoja."

"Treni ni ya watu wote. Ulitaka nipande mgongoni mwa nani?"

Hakucheka. Akasema kuanzia siku hiyo, nikiwa kazini, nizungumze Kiingereza au nisizungumze. Mechi ya mwisho ya msimu ningeletewa mkaguzi wa kukaa na kunitazama. Akisikia neno moja la lugha ile, au akiona dalili yoyote kwamba nawapendelea watu wangu, nirudishe kadi yangu ya uamuzi na mambo yaishie pale. Watu wangu! Wapakistani wa Small Heath, Msomali wa Eastleigh na Mkongomani wa Uvira wamekuwa watu wangu, mimi Mtaita.

Nilikasirika sana. Kisha nikafikiri juu ya Jumatatu hadi Ijumaa zangu, juu ya viazi vya kuponda na wale wauguzi wasiojua jina langu, nikaona kwamba nikiipoteza Jumamosi sitakuwa na siku yoyote. Nikamaliza soda yangu nikasema sawa.

Bahati nilimwambia palepale stesheni. "Uwanjani tusiongee tena. Na kwenye treni nitakaa behewa lingine."

Akanikazia macho. "Miye nimekosa nini, Mama?"

"Hujakosa. Ni wao wamesema."

"Banaogopa Swahili?" Akacheka kweli, mabega yakamruka. "Vraiment? Swahili? Basi bon. Tutaongea na macho."

Nikamwambia hata macho yachunge. Lakini sitawadanganya, macho yalizungumza. Mrushaji akitupa mpira wa hovyo, Bahati aligeuka kidogo, nami nikafumba jicho nyuma ya nondo za barakoa. Akigongwa, nilitoa brashi. Brashi haina lugha, hakuna aliyeweza kuilalamikia.

Basi ikaja ile mechi ya mwisho, na nani mwingine wangekuja kucheza kama si wale wale wenye matumbo. Mkaguzi alikuja na kofia ya ukili, kiti cha kukunja na chupa ya chai, akajipanga nyuma ya wavu. Alikaa karibu hata nikasikia anapuliza chai.

Sijui vijana walikula nini siku ile. Abdi alirusha kama mtu anayedaiwa. Imran, ambaye kocha alimweka beisi ya pili, alikimbia bila gongo kila mara. Bahati alidaka mipira ambayo kwa kawaida ilimpita, akapigwa bega, akapigwa goti, hakuinuka. Tulipofika zamu ya mwisho ya wapinzani kupiga, chuo kilikuwa kinaongoza kwa alama moja, na wapinzani wawili walikuwa wameshatoka. Akitoka mmoja zaidi, mechi kwisha, na vijana wameshinda kwa mara ya kwanza.

Wapinzani walikuwa na mtu mmoja beisi ya kwanza. Abdi akarusha. Mpigaji akaupasua mpira ukapaa juu ya kila mtu, ukaangukia mteremkoni ukaanza kujiviringisha kuelekea kwenye ule ua wa miti. Siku zile nilikuwa mwamuzi peke yangu uwanjani, kwa hiyo nilivua barakoa nikakimbilia katikati kutazama miguu ya wakimbiaji, jinsi Maureen alivyonifundisha: usitazame mpira, mpira hauwezi kufanya kosa. Yule wa mbele, mtu mzima mwenye tumbo lake, alipofika beisi ya pili alikata kona kwa ndani. Hakuikanyaga. Hata kivuli cha kiatu chake hakikuikanyaga. Akaendelea, akapita ya tatu, akafika nyumbani. Mpigaji naye akamfuata, akakanyaga zote, akafika nyumbani. Alama mbili. Wapinzani wakaanza kukumbatiana.

Imran alikuwa amesimama palepale karibu na ile beisi. Aliona. Na akafanya alichofanya tangu anaota meno: akanyoosha mikono yote miwili juu akanigeukia akaunguruma. Wenzake wakadakia. Wote, kutoka kila pembe ya uwanja, mikono juu, koo wazi, wananitazama wakingoja niinue kidole.

Na mpira? Mpira ulikuwa umesharudishwa. Ulikuwa mkononi mwa Bahati, kwenye beisi ya nyumbani. Kilichotakiwa ni arushe kwa Imran, Imran akanyage mfuko uliokuwa hatua moja kutoka kwenye vidole vyake, aseme. Yule wa mbele angetoka, angekuwa wa tatu, alama zote mbili zingefutwa, na mechi ingekuwa ya chuo.

Nikawa nimesimama. Nikasubiri mtu afanye hivyo. Niliomba Mungu mtu afanye hivyo.

Aliyefanya kitu ni kocha. Alitoka mbio kutoka benchi, nikasema moyoni, haya, ameelewa. Hakuelewa. Alikwenda kuwanyamazisha. "Nimewaambia nini kuhusu kelele hizo?" alifoka, uso mwekundu. "Mmeshindwa, kubalini kushindwa kama watu!" Kwa mara ya kwanza msimu mzima kelele zao zilikuwa na ukweli ndani yake, naye ndiye aliyezizima. Sina neno zuri la kumpa mtu yule, na nimelitafuta miaka mingi.

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Nikarudi kwenye beisi ya nyumbani, mahali pangu. Mkaguzi alikuwa ameweka chupa chini, ananitazama mimi tu. Bahati akaja mbele yangu, mpira kwenye kiganja, barakoa imepandishwa kipajini, jasho linamtoka.

"Mama," akasema taratibu. "Uliona? Yule alikanyaga?"

Ninyi mnaopenda kujibu haraka, jibuni. Haya. Sheria inasema mwamuzi hamwambii mtu. Hata mdakaji angekuwa mtoto wa malkia, hata angeuliza kwa Kiingereza cha redio, jibu ni kimya. Nilikaa kimya. Lakini alikuwa akinitazama machoni, jinsi tulivyokubaliana, na mimi nilijua hivyo. Niliyafanya macho yangu kuwa matupu. Si rahisi, jaribuni mbele ya kioo. Nilimtazama kama ninavyotazama ukuta.

Akatikisa kichwa. Nilimwona anapata jibu lake. Mama amenyamaza, maana yake hakuna kitu. Kingekuwapo, macho yake yangeniambia. Akauweka mpira juu ya beisi ya nyumbani, akaokota glavu yake iliyoanguka, akatembea kuvuka mstari. Wenzake wakamfuata. Wa mwisho alikuwa Imran, ambaye aligeuka mara moja kuitazama ile beisi ya pili, kisha naye akavuka.

Nikatangaza matokeo.

Mkaguzi alinijia akikunja kiti chake. "Uliona beisi ya pili?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Niliona."

"Nami niliona. Umekaa kimya vizuri sana. Na sikusikia neno hata moja la lugha yenu kinywani mwako." Akanipa mkono. "Kadi yako haina shida tena."

Nikasema asante. Maamuzi yangu yote ya miaka yote nayatetea, lakini ile asante mpaka leo inaniwasha kooni. Alistahili uamuzi wangu, si shukrani yangu.

Msinitazame hivyo. Wewe wa mwisho pale, acha kunihurumia, kunywa chai. Nilifanya sawa. Ningelazimika kusimama pale kesho, ningekaa kimya vilevile, na yeyote kati yenu atakayepepesa jicho siku yake, ajue amekwenda kuwa mshangiliaji mwenye barakoa. Mwamuzi anayemwambia mdakaji wake ukweli siku anayompenda, atamwambia nini siku asiyompenda? Kazi hii inataka uwe huna watu. Hilo halikuandikwa kwenye vitabu vyenu kwa sababu wangeliandika, hakuna ambaye angevinunua.

Nilipokuwa nafungua buti kwenye kibaraza cha vyumba vya kubadilishia nguo, yule mwenye tumbo alipita na wenzake akicheka. Aliwaonyesha kwa mikono jinsi alivyoiacha beisi ya pili, upana wa mikono yake miwili, akawaambia kwamba yule mama aliona wazi na watoto wajinga hawakudai. Bahati alikuwa kwenye ngazi, anafunga furushi lake. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini mikono ya yule mtu ilikuwa mipana. Aliacha kufunga. Hakuinua kichwa.

Kwenye treni niliingia behewa lake. Sasa hakuna aliyenikataza. Msimu ulikuwa umekwisha na kadi ilikuwa yangu. Nikaketi mbele yake, furushi lake katikati yetu. Stesheni zikapita. Yeye alitazama dirishani.

"Pole, mwanangu," nikasema.

Kisha akanigeukia, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira, akapanga maneno moja baada ya jingine kama walivyomfundisha darasani.

"It is okay, Umpire. No problem."

Nikangoja aongeze kitu. Hata lile neno Mama lingetosha. Hakuongeza.

Tulipofika Erdington alibeba furushi lake, kisha akabeba na langu, kama siku zote, akaliteremsha kwa uangalifu akaliweka miguuni pangu.

"Good night, Umpire," akasema.

Koo langu lilijaa Kiswahili. Nikamtazama yule kijana aliyesimama wima mbele yangu, ananingoja kwa adabu nimjibu, nikaona ameshachagua lugha.

"Good night," nikamwambia.